Ile namba ya posti chini ya jina itolewe

Chukua uzi mmoja wa kawaida kabisa kwenye jukwaa la majadiliano mtandaoni, lile ambalo chini ya jina la kila memba kuna idadi ya posti alizoandika. Mtu kauliza kompyuta yake inajizima yenyewe kila akicheza gemu kama dakika ishirini hivi, afanyeje. Anakuja mchangiaji wa kwanza, chini ya jina lake imeandikwa posti 14,382, anasema "ngoja wajuzi waje". Wa pili ana posti elfu tisa na ushee: "naweka kambi hapa". Wa tatu ana posti 6, kajiunga mwezi huu huu, kashusha aya nne za maana, kwamba hiyo ni dalili ya joto, afungue apulize vumbi kwenye feni, aangalie ile pesti inayokaa kati ya prosesa na kipozeo kama imekauka, aweke programu ya kusoma nyuzijoto halafu acheze tena aone inafika ngapi kabla haijazima. Kabla hata hajamaliza kushukuriwa, yule wa elfu tisa anarudi: "Mgeni usitupotezee muda, hiyo ni pawa saplai (kile kifaa cha kugawa umeme ndani ya kompyuta), badilisha." Na mwenye swali anajibu nini? "Asante mkuu, kesho nabadilisha pawa saplai."

Inawezekana kweli ni pawa saplai, sikatai, dalili zinafanana sana. Ila mmoja kaeleza namna ya kujua tatizo liko wapi kabla hujatoa hata senti, mwingine katoa amri tu, na kilichoamua nani asikilizwe ni ile namba iliyokaa pale pembeni. Mwenye swali hana kosa. Hajui kompyuta, ndo maana kauliza, kwa hiyo hana uwezo wa kupima majibu kwa ubora wake, anatafuta alama yoyote ya kumsaidia kuchagua, na alama kubwa kuliko zote iliyopo mbele ya macho yake ni 9,000 dhidi ya 6. Nani angechagua 6?

Kwa hiyo msimamo wangu nauweka mapema ili tusizungushane: idadi ya posti isionekane kando ya jina kwenye kila posti. Sisemi ifutwe, sisemi isihesabiwe. Ihesabiwe, mfumo uitumie kwa kazi zake, mwenye akaunti aione kwenye profaili yake, na mtu mwingine akiitaka sana aende huko huko profaili akaitafute. Ila isikae pale tunapoamua nani wa kumuamini, kwa sababu pale inafanya kazi ambayo haikutengenezwa kuifanya.

Na kiukweli haikutengenezwa kufanya kazi yoyote. Watu wengi wanadhani kuna mtu alikaa chini akafikiria kwamba namba hii itasaidia wasomaji. Hamna kitu kama hicho. Rudi nyuma kwenye Usenet, mtandao wa zamani wa majadiliano, iliyoanza 1979 na 1980 kwa vijana wa chuo kikuu cha Duke kule Marekani, watu walibishana humo miaka na miaka bila kaunta, yaani namba ya kuhesabu posti, yoyote chini ya jina, kwa sababu ujumbe ulikuwa unasambaa kwenye seva nyingi na hakukuwa na sehemu moja inayojua fulani kaandika mara ngapi. Ukitaka kujua huyu mtu ni nani ulikuwa unamsoma. Baadaye yakaja majukwaa yanayokaa kwenye databesi moja, programu za kuyaendeshea kama phpBB na vBulletin zote zilitoka mwaka 2000, na humo kila memba ana mstari wake kwenye jedwali, na kwenye ule mstari kuongeza safu ya kuhesabu posti ni kazi ndogo mno: akiposti jumlisha moja, posti ikifutwa toa moja. Ilikuwa rahisi kuhesabu, ikahesabiwa, na kwa vile ipo basi ikaonyeshwa, na kwa vile kila jukwaa jipya lilikuwa linaiga sura ya lililotangulia ikageuka kuwa kitu cha lazima kama vile jukwaa bila namba ni jukwaa bovu.

Mbaya zaidi programu zenyewe zikaanza kutoa vyeo kwa namba hiyo. vBulletin ukiiweka bila kugusa setingi zake ilikuwa inakuanzisha kama memba mdogo, ukifika posti 30 unakuwa memba kamili, ukifika 100 unakuwa memba mwandamizi. Mia moja! Mtu akiingia kwenye ule uzi wa salamu Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi anaamka mwandamizi. Kuna maadmini, yaani wasimamizi wa jukwaa, walibadilisha viwango wakaweka elfu moja, elfu tano, wakaongeza na nyota, lakini hiyo ni kuongeza urefu wa ngazi tu, ukuta ni ule ule.

Tuangalie inahesabu nini hasa. Aya nne za yule mgeni ni moja. "Ngoja wajuzi waje" ni moja. Nukta tatu tupu ni moja. Programu zilipoona watu wanaposti neno moja moja zikaweka kiwango cha chini cha herufi, kwa wengi kilikuwa herufi kumi, na watu wakafanya nini? Wakawa wanaandika "ndio" halafu mbele yake wanajaza herufi za kutimiza kumi, mpaka ikawa kawaida kabisa kukuta jibu limeandikwa "10char" mwishoni, yaani mtu anakutangazia waziwazi kwamba sina la kusema ila sheria inataka herufi kumi, hizi hapa. Kwenye majukwaa mengi admini akaongeza dawa nyingine, akazima kuhesabu kwenye sehemu za michezo na porojo, zile nyuzi za "hesabu mpaka laki moja" na "mtu wa mwisho kuposti ndo mshindi". Fikiria kidogo maana ya hiyo setingi. Admini mwenyewe kashakubali kwamba kuna posti ambazo hazistahili kuhesabiwa, ila anaamua kwa sehemu nzima nzima kwa sababu hawezi kuamua kwa posti moja moja. "Naweka kambi hapa" ikiwekwa kwenye sehemu ya kompyuta inapita kama posti ya kitaalamu.

Alafu kuna hii ya kufuta. Modereta akifuta uzi wa matusi wenye majibu mia tatu, kwenye programu nyingi namba za wote waliochangia humo zinashuka, na hapo ndo utaona watu wazima wanafungua uzi wa malalamiko, "posti zangu 47 zimeenda wapi". Hawalalamiki kwamba maneno yao yamepotea, maana maneno yenyewe yalikuwa ni kutukanana, wanalilia namba. phpBB mpaka ina kitufe kwa admini cha kuhesabu upya posti za memba wote, na admini akikibonyeza baada ya miaka mingi ya kufutafuta ajue kuna watu watapungua, na ajiandae kujibu meseji.

Mahali ambapo hii kitu ilionekana uchi kabisa ni Bitcointalk, lile jukwaa la sarafu ya kidijitali ya bitcoin lililoanzishwa na mbunifu wake, Satoshi Nakamoto, mwaka 2009. Nalitaja kwa kirefu kwa sababu kule namba iligeuka pesa, na pesa ikiingia huhitaji tena kubahatisha watu wanafikiria nini. Ilikuwa hivi: memba wanaruhusiwa kuweka sahihi, yaani maandishi yanayojitokeza yenyewe chini ya kila posti yao, makampuni yakaona ile nafasi inafaa kwa tangazo, yakaanza kuwalipa watu wabebe matangazo kwenye sahihi zao, na malipo yanaendana na cheo cha memba na idadi ya posti alizoweka wiki hiyo. Sasa ukiwa wewe ndo memba utafanyaje? Utaposti. Una la kusema huna la kusema utaposti, utarudia alichosema mtu wa juu yako kwa maneno mengine, utauliza swali lililojibiwa ukurasa wa kwanza, utaandika aya nzima ya kusema kwamba kila mtu ana maoni yake. Akaunti za vyeo vya juu zikawa zinauzwa na kununuliwa, kwa hiyo hata ile imani kwamba huyu ni mkongwe ikawa haina maana, mkongwe kashauza akaunti, aliyemo ndani ni mtu mwingine kabisa.

Wasimamizi wa kule hawakulala. Walijaribu kuibana namba isikimbie, badala ya kuhesabu posti zote wakatumia kipimo walichokiita shughuli, ambacho hakiwezi kupanda zaidi ya 14 kwa kila wiki mbili hata ukiposti mara mia tano, maana yake cheo kinahitaji muda na si kasi. Ilisaidia kwa wale wa kukurupuka. Haikusaidia kwa wenye subira, na wenye akaunti ishirini wana subira ya kutosha, wanaposti kumi na nne kumi na nne kila akaunti. Mwishowe Januari 2018 wakaweka mfumo mwingine juu yake: huwezi kupanda cheo mpaka memba wengine wakupe pointi za sifa kwa posti zako, na hizo pointi za kugawa hazitoki hewani, sehemu kubwa unazipata kwa wewe mwenyewe kupewa. Yaani jukwaa zima lilitumia miaka kujifunza kwamba wingi wa kuongea haumwambii mtu chochote kuhusu thamani ya kilichoongewa.

Mtu atasema hiyo ni kwa sababu ya pesa, kwenye jukwaa la kawaida hakuna anayelipwa. Kweli hakuna anayelipwa, lakini angalia GitHub, ambako maprograma wanaweka programu wanazoziandika. Profaili ya kila mtu ilikuwa na kaunta ya siku mfululizo alizofanya kazi bila kuruka hata moja. Hakuna senti hapo, ni namba tu. Mei 2016 wakaiondoa bila kelele nyingi, na watafiti Lukas Moldon, Markus Strohmaier na Johannes Wachs wakaja kuchambua kilichotokea, matokeo yakatoka 2021: wale waliokuwa na mfululizo mrefu waliuacha, kazi za wikendi zikapungua, na zile siku ambazo mtu anaweka kitu kimoja tu basi zikawa chache. Hiyo ya tatu ndo inayonifurahisha, maana kile kitu kimoja cha siku ni ndugu wa damu wa "ngoja wajuzi waje". Mtu hakuwa na kazi ya kufanya siku ile, alikuwa analisha kaunta. Kaunta ilipotoka machoni, akalala.

Na Stack Overflow nako, tovuti ya maswali na majibu ya maprograma, mwaka 2013 watafiti kina Ashton Anderson, Daniel Huttenlocher, Jon Kleinberg na Jure Leskovec walionyesha kwamba watu wakikaribia kupata beji, zile alama za heshima, wanaongeza bidii kwenye kile kitendo kinachohesabiwa na beji hiyo, wakishaipata wanarudi chini. Watu wanaifuata namba, hilo halina ubishi tena. Mwanauchumi wa Uingereza Charles Goodhart alishaligusa hili mwaka 1975 akizungumzia sera za fedha, kwamba kipimo ukikigeuza kuwa kitu cha kusukumia watu kinaacha kupima. Swali linabaki tu unataka wafuate namba gani, na kama unajua namba yako inafuatwa, kwanini uchague ile inayozawadia kuongea?

Sasa upande wa pili, maana wapo wanaoitetea na hoja zao sio za kitoto.

Ya kwanza ni usalama. Kwenye sehemu za kuuza na kununua, memba mwenye posti 2 anayeuza laptopu kwa nusu bei huyo hata bila kuuliza unajua, na namba imekuokoa. Nakubali, ila tazama vizuri ni nini hasa kimekuokoa. Ni kujua kwamba akaunti ni mpya. Hilo tarehe ya kujiunga inakuambia, na inakuambia vizuri zaidi, kwa sababu tapeli anaweza kuposti mara mia mbili leo usiku lakini hawezi kujiunga mwaka 2014. Sana sana tapeli mwenye akili ndo wa kwanza kujaza namba, anaingia kwenye nyuzi za salamu anatupa posti mia, halafu anakuja sokoni akiwa mwandamizi. Namba inakulinda na tapeli mvivu, kwa yule wa kazi inakuwa silaha yake. Kwa sehemu za biashara weka tarehe ya kujiunga na weka rekodi ya mauziano yaliyokamilika na waliyosema wanunuzi, hivyo ndo vitu vinavyoongelea uaminifu.

Ya pili, kwamba jukwaa linahitaji namba ili kuwazuia wageni wasimwage matangazo siku ya kwanza. Kweli linahitaji. Lakini kuhitaji kuhesabu na kuhitaji kuonyesha ni mambo mawili, na mfano uko wazi kabisa Wikipedia. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza akaunti lazima iwe na siku 4 na mahariri 10 ndo baadhi ya milango ifunguke, na kuna kurasa zenye ugomvi zimefungwa mpaka uwe na siku 30 na mahariri 500. Mfumo unahesabu, unaamua, umemaliza. Ila wewe unayesoma makala huoni pembeni ya sentensi kwamba hii kaandika mtu wa mahariri elfu themanini na hii kaandika mtu wa kumi na mbili. Unachoonyeshwa ni kama sentensi ina chanzo au haina. Namba inafanya kazi yake nyuma ya pazia na hakuna msomaji anayeumia.

Discourse, programu nyingine ya kuendeshea majukwaa, iliyotoka 2013 na Jeff Atwood akiwa mmoja wa waanzilishi, imeenda hatua moja mbele ambayo mimi naipenda kweli. Ili mgeni avuke ngazi ya kwanza ya kuaminiwa, kwa setingi za kawaida, anatakiwa awe amefungua mada 5, amesoma posti 30, na amekaa dakika 10 akisoma. Kasoma! Hajaulizwa kaandika ngapi. Ni mara chache mno kuona jukwaa linalomhesabia mtu kunyamaza akasoma, na bado ukifikiria ndo tabia ya kwanza unayoitaka kwa mgeni. Na sio mgeni peke yake, Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliandika mwaka 2006 kwamba kwenye jamii nyingi za mtandaoni kama asilimia 90 ya watu wanasoma tu, 9 wanachangia mara moja moja, 1 ndo wanaobeba karibu kila kitu. Hata ukisema uwiano umebadilika kidogo, ile picha unaijua. Kwa namba ya posti, hao tisini wote ni sifuri. Humo ndani kuna daktari, kuna fundi wa miaka thelathini, kuna mwanasheria, anasoma kila siku na siku atakayoandika kwa mara ya kwanza kwa sababu kaona watu wanapotoshwa, atakaribishwa na "posti 1" kwenye paji la uso, na mtu atamuuliza wewe nani.

Tena namba hii ina tabia ya kukata pande zote mbili. Ukiwa na ndogo hujui kitu, ukiwa na kubwa sana siku mkigombana unaambiwa "posti elfu ishirini, hivi huna maisha?". Nimeona watu wazuri kabisa, wenye kusaidia, wakinyamazishwa hivyo. Kwenye ubishi namba inakuwa jiwe la kurusha, anayelitaka analiokota kwa upande unaomfaa, na hoja yenyewe iliyokuwa mezani inasahaulika.

Hoja ya tatu ndo nzito kuliko zote: hata ukiificha namba, watu watatafuta nyingine. Hii ni kweli na wanaobeza wasidanganyane. 4chan, jukwaa la kuposti bila kujitambulisha, haina majina kwa watu wengi, haina profaili, haina idadi ya posti ya mtu yeyote, na bado watu wakaanza kugombania ile namba ya posti yenyewe, kila posti ina namba yake ya mfululizo, basi ikiishia na tarakimu zinazojirudia, sabasaba au nanenane, aliyeipata anashangilia na wengine wanampigia makofi. Wikipedia nao wana jina la utani la ugonjwa wa kuhesabu mahariri, japo namba haikai kwenye makala. Binadamu ukimnyima mashindano anajitengenezea.

Sawa. Lakini angalia tofauti. Yule wa 4chan akishapata sabasaba yake hakuna mtu atakayemuamini zaidi kwenye uzi wa kompyuta kesho. Ameshinda mchezo, mchezo umeisha, heshima haijamfuata kwenye mjadala mwingine. Na wa Wikipedia anayehesabu mahariri yake anahesabu kwenye ukurasa wake, msomaji hana habari. Sina shida na mashindano kabisa, wacha watu washindane. Shida yangu ni pale ushindi wa mchezo mmoja unapotumika kama ushahidi kwenye jambo lingine. Ni kama kilomita kwenye dashibodi ya gari, zinakuambia gari limetembea, hazikuambii dereva anajua kuendesha, na hakuna anayezibandika kwenye paji la uso la dereva.

Basi wengine wanasema toa idadi ya posti weka laiki, au karma, yaani alama za sifa memba anazojikusanyia. Hapa napita haraka maana ni mada yake yenyewe, ila nisiache watu wakidhani ndo tiba. Slashdot, tovuti ya habari za teknolojia iliyoanza 1997, ilikuwa inaonyesha karma kwa namba, watu wakaifanya mchezo, mwisho wakaifunga isizidi kiwango na kuibadilisha iwe maneno, nzuri, nzuri sana, mbaya, namba ikafichwa. Na wakaamua kwamba posti ikipewa alama ya kuchekesha haikuongezei karma, kwa sababu walijua laiki za jukwaa lolote zinakimbilia kwa mchekeshaji. Jibu sahihi la kuchosha linapata laiki mbili, utani unapata sitini. Laiki kwenye posti yenyewe, kuonyesha jibu hili liliwasaidia watu, hiyo sawa, inaongelea posti. Ukizijumlisha zote ukazibandika chini ya jina umerudi pale pale, tofauti ni kwamba sasa unazawadia utani badala ya kelele. Kama lazima kitu kikae karibu na jina, mimi ningeweka tarehe ya kujiunga, na kwenye sehemu za kitaalamu labda majibu mangapi ya mtu yamewekewa alama ya "limetatua" na muuliza swali katika sehemu ile ile tu, ya kompyuta yabaki kompyuta, asije mtu na sifa za mpira akatibu watu.

Wakongwe nao wasionewe. Mtu kakaa jukwaani miaka kumi na tano, kajibu maswali usiku wa manane bila malipo, leo unamwambia namba yako naiondoa, anaona kama umemfutia utumishi wake wote. Ndo maana nasema iende kwenye profaili na isifutwe. Ila pia, mkongwe wa kweli hahitaji namba, watu wanamjua kwa jina, akiandika tu uzi unabadilika sauti. Anayeumia sana namba ikitoka mara nyingi ni yule ambaye bila namba hakuna anayemkumbuka, na sijui kwanini jukwaa limlinde huyo kwa gharama ya yule wa posti 6.

Kuna admini mmoja tu ninayemuelewa akisita, mwenye jukwaa changa lenye watu wachache na kimya kingi, anayeona namba inawasukuma watu waongee. Inawasukuma kweli. Shida ni kwamba jukwaa changa linaishi kwa nyuzi zake za kwanza, mgeni akija na akakuta mada kumi zote majibu ni "nimekaa pale" na "ntarudi", harudi. Bora uwe na nyuzi tano zilizojibiwa.

Kwa admini anayeogopa kelele, asianze na jukwaa zima. Achukue sehemu zile za maswali, afya, ufundi, sheria, kompyuta, humo aondoe namba na vyeo vya namba kando ya jina, tarehe ya kujiunga ibaki, sehemu za porojo aziache na namba zao watu wafurahi. Malalamiko yatakuja wiki ya kwanza, atayaona, na yatakuwa ya watu wale wale. Asiyahesabu hayo. Aende akaangalie vitu vitatu kwenye zile sehemu baada ya miezi michache: majibu ya mstari mmoja yamepungua au la, wageni wanaojibu kwa mara ya kwanza wameongezeka au la, na wauliza maswali wanarudi kusema kama ushauri ulifanya kazi. Databesi yake ina majibu yote hayo, na hapo kaunta itakuwa imepata kazi yake halali.